Waya wa Japani

Taisto alitoka nyumbani tarehe kumi na nne Septemba, saa tatu asubuhi, kwenda kuangalia waya. Alichukua mkoba wa mgongoni, manati, uzi wa kuvulia samaki, koleo, chupa ya kahawa na vipande viwili vya mkate wa shayiri vilivyopakwa siagi. Mimi nilikuwa nachimba viazi. Alipita karibu yangu akasema, "Usikibebe hicho kikapu. Nitakibeba nikirudi."

Nikamwambia, "Ukirudi nitakuwa nimeshavila viazi vyote."

Akacheka, akazunguka nyuma ya sauna, kibanda chetu cha kuogea mvuke, akaingia msituni.

Saa nane mchana Nestori, mfugaji wa poro, wale kulungu wa kufugwa wa huku kwetu kaskazini, aliingia uani akiendesha pikipiki yake ya magurudumu manne polepole. Nestori hajawahi kuendesha polepole. Taisto alikuwa amelazwa nyuma, kafunikwa koti la Nestori, miguu imefungwa kamba asidondoke kwenye mawe. Alimkuta ng'ambo ya kinamasi, kakaa chini ya msonobari kauegemea, chupa ya kahawa haijafunguliwa. Nestori alisema alimbeba mgongoni kinamasi kizima, maana pikipiki ingezama, na kwamba alikuwa akimsemesha njia nzima kwa sababu alidhani labda roho bado imo. Daktari alisema ni moyo, na kwamba hakuteseka. Sijui daktari alijuaje.

Viazi nilivimaliza kesho yake. Sikujua la kufanya lingine.

Waya wenyewe ulikuwa na urefu wa mita mia tisa. Ulianzia nyuma ya sauna yetu, ukapanda majabali, ukashuka kinamasini, ukaingia kwenye msitu mzito upande wa pili na kuishia mlimani, na njia yote ulikuwa umenyooka kuelekea Japani. Taisto alikuwa mtu wa redio tangu ujanani, wale wanaozungumza na watu wa mbali kwa mitambo yao ya nyumbani. Mlingoti wa kusemea ulisimama karibu na nyumba. Ule waya mrefu ulikuwa antena ya kusikilizia tu. Alinieleza mara nyingi kwa nini ni lazima uwe mrefu hivyo na kwa nini ni lazima uelekee kule unakotaka kusikia, nami mara nyingi niliitikia kwa kichwa huku nikiwaza mambo yangu. Nilichojua mimi ni kwamba mchana wa Desemba, jua lisipochomoza kabisa kwetu, tulipokuwa tukinywa kahawa ya saa saba, kule kwao ilikuwa jioni, na kutoka chumba cha redio zilitoka sauti za Wajapani. Zilikuja na uvumi, kama maji yanayochemka kwenye chumba cha pili. Uvumi ule ulikuwa ndani ya nyumba yetu miaka thelathini na moja. Nilipika nao, nilishona nao, niligombana na Taisto nikipaza sauti kuushinda.

Baada ya mazishi nyumba ilinyamaza. Nilikaa hivyo hadi Desemba. Siku moja saa saba mchana niliingia chumbani mwake na kuwasha redio. Kuna swichi moja tu ninayoijua. Mshale wa kutafutia stesheni ulikuwa pale pale alipouacha. Uvumi ulianza, na baada ya muda mwanamke akasema maneno kwa Kijapani, polepole, kama anayesoma orodha. Nikarudi jikoni nikamimina kahawa. Kuanzia siku hiyo niliiwasha kila siku. Sikugusa kitu kingine, kwa sababu nikiuhamisha ule mshale singejua kuurudisha.

Theluji ilipoyeyuka mwezi wa Mei, uvumi ulikuwa umebadilika, umekuwa mwembamba. Nikaenda nyuma ya sauna kutazama. Waya ulikuwa umelegea, na pale kwenye majabali ulikuwa unakaribia kugusa mawe. Nikaelewa kwamba yale matembezi yake ya kila vuli hayakuwa ya kujifurahisha.

Msitu wetu ni wa poro kabla haujawa wa mtu. Wanatembea watakavyo, na pembe zao zinashika chochote kinachoning'inia. Kwa hiyo waya kama ule unasimama kwa ruhusa ya mfugaji, na ruhusa haiandikwi. Kila Agosti Taisto alikuwa akipeleka paketi ya kahawa kwa Nestori. Wanaipika pale pale, wanainywa, wanazungumzia mbu na samaki, waya hautajwi, na Taisto anarudi nyumbani ikiwa imeeleweka kwamba mwaka mwingine umepatikana. Agosti ile nilikwenda mimi.

Nestori aliitazama paketi mkononi mwangu. "Mama," akasema, "nilidhani kamba ya kuanikia chupi za Wajapani imestaafu."

"Haijastaafu."

"Nani ataitunza? Kalervo, yule rafiki yake wa redio? Na nyonga yake ile hapandi hata kitandani."

"Mimi."

Hakucheka. Alichota maji, akaweka sufuria jikoni, akasimama akinipa mgongo hadi ikachemka. Tulipokaa mezani, alivunja desturi akautaja waya. "Nitakwambia nilichomwambia Taisto mwaka wa kwanza. Mita tatu kutoka ardhini, kila mahali. Chini ya hapo unavua poro kama samaki. Ukikamata mmoja tu, waya wote unashuka, na haupandi tena. Sitataka kubishana."

"Sitabisha," nikasema.

"Na goti lako?"

"Goti langu lina miaka sabini. Linajua njia."

"Haya," akasema, akasukuma sahani ya mkate wa mdalasini kuja upande wangu, nami nikajua nimepata mwaka.

Nilianza kazi juma lililofuata. Mtu asiyelijua eneo lile atadhani mita mia tisa ni matembezi. Majabali yetu yamefunikwa kuvumwani nene kama godoro, na huoni penye shimo hadi mguu umeshaingia. Nilibeba ngazi fupi ya alumini begani na fimbo mkono wa pili, na nusu ya siku ilikuwa ikiishia kwenye kubeba tu. Kinamasini nililaza ngazi chini na kuitembea kama daraja, kisha naivuta, nailaza tena mbele. Manati niliijaribu mara moja, ule mtindo wa Taisto wa kurusha uzi juu ya tawi ili uvute waya. Nilivunja taa ya sauna, na sauna ilikuwa nyuma yangu.

Waya ulipita kwenye miti themanini na saba. Kila mti ulikuwa na pete iliyokatwa kutoka bomba la plastiki, imening'inizwa kwa kamba, na waya ulipita katikati ya pete bila kufungwa popote. Kule mwisho, na huku mwanzo pia, waya ulipita juu ya gurudumu dogo, na chini yake ilining'inia ndoo ya plastiki iliyojaa mawe. Ndoo hizo nilizifahamu. Zilikuwa zangu za jamu, zilipotea zamani. Ya huku ilikuwa imeshuka hadi ikakaa chini.

Nilisimama nikaitazama kazi ile kwa macho ya mwanamke aliyefunga kamba za nguo maisha yake yote. Waya haujafungwa, kwa hiyo unateleza, kwa hiyo umelegea. Na ndoo za mawe zinaulemea. Nilimwonea Taisto huruma, nikadhani mwishoni nguvu zilimpungukia akaanza kuchukua njia za mkato. Nikamwaga mawe. Nikauvuta waya kwa mkono hadi ukanyooka, nikaukaza kwenye kila pete kwa kamba ya marobota, ile ya kufungia nyasi kavu, mafundo mawili, nikaenda mti unaofuata.

Miti mitano kwa siku, na siku ikiwa njema, sita. Pale kwenye msonobari alipokaa Taisto siku ile nilipita haraka mara ya kwanza. Mara ya pili nilikaa, nikala mkate wangu hapo. Siku niliyofunga fundo la mwisho ilikuwa tarehe ishirini na mbili Septemba. Nilirudi nyumbani, nikawasha redio, na uvumi ukajaa nyumba kama zamani. Nilikaa kwenye kiti chake na buti miguuni. Nilikuwa na furaha, sikumbuki furaha nyingine mwaka ule.

Kalervo, rafiki yake wa redio kutoka mji wa Oulu, alipiga simu siku tatu baadaye.

"Shemeji! Nestori kaniambia umekuwa nyani, unapanda miti."

"Ngazi ninayo. Waya umekaza kama uzi wa fidla, Kalervo. Hautikisiki."

"Hautikisiki vipi?"

"Nimeufunga."

"Umeufunga wapi?"

"Kwenye pete. Kila mti."

"Miti mingapi, shemeji?"

"Yote. Themanini na saba."

"Na ndoo?"

"Nimeziosha. Moja nimeshaiwekea jamu."

Nikasikia anacheka, halafu nikasikia anaacha kucheka. "Alli," akasema, na Kalervo haniiti kwa jina, "Taisto hakukwambia?"

"Hakuniambia. Na mimi sikumuuliza."

Akanieleza, nami safari hii sikuwaza mambo yangu. Mti unacheza. Upepo ukivuma mmoja unakwenda huku na mwingine kule, na theluji ikiukalia unainama hadi kichwa kinagusa ardhi. Waya unatakiwa upite tu kwenye pete, kama kamba ya suruali. Mti ukiuangukia, unashuka nao na ndoo inapanda. Mti ukiondolewa, ndoo inashuka na waya unarudi juu wenyewe. Ukiufunga, hauna pa kwenda. Unakatika, na ukikatika unalala chini ukiwa umejikunja kama mitego.

"Theluji ya kwanza kwenu huja lini?"

"Katikati ya Oktoba."

"Basi kata mafundo. Yote. Rudisha ndoo kwanza, halafu kata. Ningekuja, shemeji, Mungu anajua ningekuja. Ila Alhamisi wananipasua nyonga. Ninachoweza ni kukukaripia kwa simu."

"Nikaripie basi."

"Siwezi," akasema.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikumwambia Nestori siku ile ile. Angeleta vijana wake wawili na kazi ingeisha kwa siku moja. Sikumwambia kwa sababu nilikuwa nimesema *mimi*, nikinywa kahawa mezani kwake. Na kwa sababu nilidhani muda upo.

Jamu niliihamishia kwenye chupa. Nilirudisha ndoo, nikazijaza mawe, nikaanza kukata kutoka upande wa mlimani, kwa kuwa msitu wa kule ndio mzito. Kamba ya marobota ikilowa inavimba na kuingia ndani yake yenyewe. Nilitakiwa kukata bila kuugusa waya, na vidole vyangu vilikuwa na baridi, na ngazi ilikuwa inazama kwenye ardhi laini upande mmoja kila nilipoinua mikono. Siku ya kwanza nilikata manne. Ya pili sita. Ya tatu nilianguka, si vibaya, lakini goti lilivimba nikalala siku mbili nikiwa nimelifunga majani ya kabichi. Kisha sita, saba, saba. Nilikuwa nimefika kinamasini. Nilikuwa nimekata mafundo thelathini.

Tarehe tano Oktoba niliamka nikakuta dirisha jeupe.

Haikuwa theluji kavu, ile ambayo mtu anaipuliza ikaruka. Ilikuwa ya maji, nzito kama uji, na ilikuwa bado inashuka. Nilivaa nikasimama kibarazani. Miti nyuma ya sauna ilikuwa imeanza kuinama. Hakukuwa na upepo hata kidogo. Nilisikia tawi linavunjika mbali, kisha kimya, kisha lingine karibu zaidi.

Nilimpigia Nestori. Simu yake ilikuwa haipatikani. Ilikuwa wiki ya kukusanya poro, na kule mlimani hakuna mtandao. Nilisema kwenye ile mashine ya kurekodi ujumbe, "Nestori, ni Alli. Waya nimeufunga vibaya. Usipitishe kundi kwetu. Nimeufunga vibaya." Nikapiga tena, nikasema tena vile vile. Niliwapigia vijana wake wote wawili. Nao walikuwa naye.

Redio nilikuwa nimeiwasha. Saa nne na nusu asubuhi uvumi ulikatika. Haukupungua, ulikatika. Nilichosikia baada ya hapo ni mngurumo wa friji yetu wenyewe.

Nilichukua koleo na fimbo nikaenda. Nilifika majabali. Theluji ilikuwa imefunika mashimo, na mguu wangu wa kushoto ukaingia hadi nyonga, nikakaa pale sijui muda gani hadi nikaweza kuutoa. Mbele yangu niliuona waya ukienda mti hadi mti, umekaza, mafundo yangu yamekaa sawasawa, na mbele zaidi, kuelekea kinamasini, haupo juu tena. Nilijaribu hatua nyingine mbili. Kisha nikarudi nyumbani kwa mikono na magoti sehemu kubwa ya njia, nikakaa karibu na simu.

Nestori alikuja siku ya tatu, saa sita mchana. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, theluji ikimdondoka.

"Nilipiga simu," nikasema.

"Nimesikia. Jana jioni, tulipotoka mlimani."

"Ni wangapi?"

"Mmoja. Yule jike wa kengele, anayeongoza kundi." Aliongea akiutazama mlango. "Waya ulimshika pembeni mwa kinamasi. Pembe zote mbili. Akauzunguka mti, akauzunguka, hadi waya ukaisha. Nilimmaliza mwenyewe. Wengine walikuwa wamesimama wanatazama."

Nilimwambia aingie. Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa benchi kama mgeni. Kahawa niliyomwekea hakuigusa kwanza.

"Nilikuwa nakata," nikasema. "Yalibaki hamsini na saba."

"Nimeyaona." Akaweka kofia gotini. "Fundo lile nani alikufundisha?"

"Mama yangu. Ni la kufungia ng'ombe."

"Limeshika."

Sikujua kama ni mzaha. Nadhani na yeye hakujua.

Jana yake nilikuwa nimempigia Kalervo hospitalini, nikamuuliza kama mita mia tatu zinatosha, zile za huku kwenye majabali ambako poro hawapendi kupita. Alisema zinatosha kusikia kitu, ila si Japani. Hata hivyo nikamwambia Nestori, "Kipande cha huku. Mita mia tatu. Hawapiti pale."

"Mama."

"Nitakata mafundo yote. Utakuja kuangalia mwenyewe."

"Mama, usiniombe." Alishika kikombe kwa mikono miwili. "Ningekuwa peke yangu, ningesema sijaona kitu. Lakini wenzangu walikuwepo. Wameona. Na kundi limeshapaogopa pale, nitalizungusha nyuma ya mlima hadi masika. Wewe ulisema hutabisha."

"Nilisema."

"Basi usibishe. Siwezi kukukatalia mara mbili."

Mtu huyu alikuwa amembeba mume wangu kinamasi kizima akimsemesha. Nilimsukumia sukari.

Walikuja Jumamosi, yeye na vijana wake, wakaushusha waya wote kwa saa tano. Nilikwenda nao hadi majabali, sikuweza kufika mbali zaidi. Vijana walikuwa wakikata mafundo yangu kwa visu vya kiunoni, kila fundo mara moja tu, bila ngazi, mmoja akimpanda mwenzake mabegani na kumtukania harufu ya nywele. Walicheka. Sikuwachukia. Pete waliziacha mitini kwa sababu haziwezi kumdhuru mnyama. Waya waliuzungusha kwenye ngoma tatu za mbao za kuzungushia nyaya wakaziweka ghalani, na Nestori akaniuliza kama kuna kitu kingine cha kubeba. Nikasema hakuna.

Desemba imefika. Redio bado naiwasha saa saba mchana, mshale uko pale pale. Bila waya inashika stesheni ya taifa tu, na hiyo inasikika vizuri zaidi kwenye redio ya jikoni.